Tuko saba tu mgahawani: tunaweza kuingia chama cha wafanyakazi?

SWALI: Nafanya kazi kwenye mgahawa wa chipsi, kuku na sangara wa kukaanga huku Nyakato, Mwanza. Tuko saba. Tunaingia saa 4 asubuhi, tunafunga saa 5 usiku, siku sita kwa wiki, mshahara ni uleule. Nasikia Denmark mkaanga baga analipwa zaidi ya dola 20 kwa saa. Nilipendekeza tuingie chama, mwenzangu akasema sheria inataka watu 20. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, watu 20 ni wa kuanzisha chama kipya. Kujiunga na kilichopo ni haki yako hata ukiwa peke yako, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kwa hoteli na migahawa kuna chama kiitwacho CHODAWU. Wanne kati yenu saba wakijiunga, chama kinaweza kudai kutambuliwa kijadiliane kwa niaba yenu. Mwajiri akikataa, suala linapelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi.

Ila kilichonishtua ni hizo saa zenu. Hata nikitoa saa moja ya chakula, mnafanya saa 12 kwa siku, 72 kwa wiki. Saa za kawaida kisheria ni 45. Zinazobaki 27 ni za ziada, na kwa wiki nne zinafika 108 wakati ukomo ni 50. Kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na kuanzia saa 2 usiku kuna nyongeza ya asilimia 5. Hayo ni madai yenu tayari, chama kiwepo kisiwepo. Anzeni leo kuandika muda wa kuingia na kutoka, kila mtu kwenye daftari lake.

Kuhusu Denmark, kule hakuna kabisa kima cha chini kilichowekwa na sheria. McDonald's iliingia mwaka 1981 ikakataa kufuata mkataba wa vyama. Mwishoni mwa muongo huo wafanyakazi wa bandari, madereva na wachapaji waligoma kuihudumia, na mwaka 1989 ikakubali. California ilipita njia nyingine: dola 20 ziliwekwa na sheria, kuanzia Aprili 2024, tena kwa kampuni zenye matawi 60 au zaidi nchini Marekani. Mgahawa kama wenu usingeguswa, ndiyo maana kwenu naiona njia ya Denmark, ya mkataba, kuwa ya karibu zaidi.

Mkijiunga, jazeni fomu ya kuruhusu ada ikatwe kwenye mshahara, na kila mmoja abaki na nakala. Uanachama si sababu halali ya kumfukuza mtu. Ikitokea, fungueni shauri CMA Mwanza ndani ya siku 30.