Maswali ya Wasomaji: Msajili hafungi duka la mtu

SWALI: Mimi ni mkaangaji wa korosho hapa Masasi, mkoani Mtwara. Jina la biashara yangu nimelisajili BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na cheti ninacho. Sasa kuna mfanyabiashara wa Lindi ambaye pakiti zake zimeandikwa "Korosho Tamu za Masasi", maneno yaleyale yaliyo kwenye pakiti zangu. Je, nikimwandikia Msajili atamfungia? Na mdogo wangu, ambaye ametengeneza mashine ya kubangulia korosho, afanye nini kabla ya kuipeleka kwenye maonesho ya wakulima ya Nanenane pale Ngongo, Lindi?

JIBU: Ndugu msomaji, cheti ulicho nacho ni cha jina la biashara, na hicho kinaeleza tu ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo, hakikupi haki ya pekee juu ya maneno yaliyo kwenye pakiti. Haki hiyo hutokana na alama ya biashara, yaani jina au mchoro unaotofautisha bidhaa zako na za wengine, ambayo husajiliwa na Msajili wa Alama za Biashara na Huduma chini ya Sheria ya mwaka 1986. Huduma zote mbili zipo BRELA, na ndiyo maana wengi huzichanganya.

Msajili huyo hana askari wala hafungi duka la mtu. Kazi yake ni kupokea maombi, kuyapima, kuyatangaza, kusikiliza mapingamizi na kutunza daftari. Alama ikishatangazwa, mwenye pingamizi ana siku 60 za kuliwasilisha, na Msajili husikiliza pande zote mbili kabla ya kuamua. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Anayeigwa alama iliyokwisha kusajiliwa hufungua shauri mahakamani, na bidhaa bandia huripotiwa Tume ya Ushindani.

Hata hivyo, nimeitazama picha ya pakiti uliyotutumia, na hapo ndipo penye shida kubwa kuliko huyo jirani wa Lindi. "Korosho" ni bidhaa yenyewe, "tamu" ni sifa yake, na "Masasi" ni mahali zinakotoka. Msajili hawezi kumpa mtu mmoja maneno ambayo kila mkaangaji wa Masasi anayahitaji ili kueleza anachouza, na kwa maoni yangu yuko sahihi kabisa. Lakini kwenye kona ya pakiti umechora kinyago cha Kimakonde kilichobeba kikapu, mchoro ambao hauelezi korosho hata kidogo. Huo ndio wa kuombea usajili, pamoja na jina la kubuni ukilipata. Bidhaa hupangwa kwa madaraja yenye namba, nawe omba katika daraja la 29, lenye korosho zilizokaangwa, kwa kuwa zile ghafi zimo katika daraja la 31. Maombi hupitia mfumo wa mtandao wa BRELA, nawe utahitaji namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Iwapo unauza pia Unguja, fahamu kwamba Zanzibar ina sheria na daftari lake, kwa hiyo usajili wa Bara hauvuki bahari.

Kuhusu mashine, hilo ni la Msajili wa Hataza, chini ya Sheria ya mwaka 1987. Hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hutolewa kwa uvumbuzi ulio mpya, usio dhahiri kwa fundi wa kawaida, na unaoweza kutumika viwandani. Hudumu miaka 10 tangu siku ya maombi, na inaweza kuongezwa hadi kufikia 20. Ikiwa mdogo wako ameboresha tu mashine ambayo mafundi wanaifahamu, sheria hiyohiyo ina cheti cha uvumbuzi mdogo, ambacho masharti yake ni mepesi zaidi. Kwa vyovyote vile, awasilishe maombi kwanza, yenye michoro na maelezo ya namna kisu kinavyopasua ganda bila kuvunja kiini, ndipo aende Ngongo, kwa sababu kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kuhesabiwa kuwa si kipya tena.