Kuleta wanyama darasani: niliyoyaona kwa sungura, tetea na mbwa wa mlinzi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama ni vizuri kuleta sungura wawili na paka kwenye darasa lako la tatu ili watoto wajifunze kuhusu wanyama, kwa kuwa umeona video za shule za Marekani na Uingereza zinazofuga wanyama wadogo darasani. Wadau wawili hapo juu wamekujibu kwamba ni kupoteza muda, watoto wetu wana kuku na mbuzi nyumbani. Nimefundisha shule za msingi miaka 19, na 11 kati ya hiyo wilayani Muheza, mkoani Tanga. Jambo hili nimelifanya, nikalikosea, nikalirudia. Naomba nijibu kwa urefu.

Nianze na hao wadau wawili, maana hoja yao ina uzito. Ni kweli watoto wetu wanaishi na wanyama. Lakini kuishi na mnyama si kumtazama. Siku moja niliuliza darasa langu: mbuzi ana meno mangapi ya mbele kwenye taya la juu? Wale wanaochunga mbuzi kila jioni ndio walionyoosha vidole haraka kuliko wote. Manane! Sita! Kumi! Sikusahihisha. Niliwaambia waende nyumbani wakaangalie, na awepo mtu mzima wa kumshika mbuzi. Kesho yake walikuja wamejaa maneno. Hakuna! Juu hana hata jino moja la mbele, ana ufizi mgumu tu. Meno ya mbele yote manane yako chini. Mtoto mmoja alisimulia kuwa babu yake alimwonyesha namna anavyofunua mdomo wa mbuzi na kutazama meno ya chini, ajue kama ametimiza umri wa kuchinjwa Idd el Hajj. Mtoto huyo alikuwa amechunga mbuzi hao miaka miwili, na siku hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuwatazama mdomoni.

Kwa hiyo wadau wana haki kwa nusu: mnyama si lazima aje darasani. Nusu iliyobaki ni kwamba bila swali mkononi, mtoto anaweza kulala nyumba moja na kuku hadi anamaliza shule na asijue chochote juu yake. Swali litangulie, mnyama afuate. Hilo mimi nilichelewa kulijua.

Sasa nieleze kosa langu. Mwaka wangu wa pili pale nilinunua sungura dume, mweupe, nikamweka kwenye kizimba cha mbao na wavu chini ya dirisha la darasa. Watoto walimpenda mno. Walimletea mchicha na majani ya viazi vitamu, na kila mapumziko walimzunguka, huyu anamnyanyua, yule anamvuta masikio. Mimi nilikuwa nafurahi nikiona upendo ule. Sikuona kwamba sungura alikuwa anajibana kwenye kona akihema haraka haraka, kwamba yule mnyama alikuwa na hofu tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Sungura ni windo. Akishikwa na kuinuliwa, mwili wake unajua kitu kimoja tu, kwamba amekamatwa. Na kumshika masikio ni kumuumiza kabisa, ingawa wengi wetu ndivyo tulivyofundishwa.

Ijumaa moja ya Februari tulifunga darasa tukaondoka. Anayeijua Muheza ya Februari anajua jua lake, na darasa letu lilikuwa la bati tupu, bila dari, madirisha yamefungwa. Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto analitoa zaidi kupitia masikio yale makubwa, na hewa ya chumba ikishakuwa ya moto, masikio hayamsaidii tena. Jumatatu asubuhi watoto walinitangulia. Niliwakuta wamesimama mlangoni, kimya, mifagio mikononi. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, Jumapili ilikuwa zamu ya nani?" Haikuwa zamu ya mtu. Sikuwa nimepanga.

Tulimzika nyuma ya choo cha walimu, na niliwaambia watoto ukweli kwamba kosa ni langu. Tangu siku hiyo, mwalimu akiniambia anataka mnyama darasani, simuulizi ni mnyama gani. Namuuliza: Jumapili saa nane mchana, nani atampa maji, na ufunguo anao nani? Na likizo ya Desemba je? Kama jibu ni "tutaona", basi asimlete. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomwekea anayefuga wajibu wa kumtunza mnyama wake, na ualimu haututoi humo.

Niseme pia jambo moja la zamani. Wengi wetu tulisoma kwenye shule zenye mabanda ya kuku na sungura, masalia ya Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967. Wazo lilikuwa zuri sana. Lakini kwetu aliyechelewa namba ndiye aliyetumwa kusafisha banda. Mtoto akisafisha banda kwa adhabu anajifunza kumchukia kuku. Ukifanya mradi huu, usafi wa banda uwe zamu ya heshima. Mimi niliwaita waliokuwa zamu "wenyeji", kwa sababu mnyama ni mgeni wao.

Kilichofanikiwa kuliko vyote ni tetea anayeatamia. Kama utachukua kitu kimoja tu kutoka kwangu, chukua hiki.

Mama mmoja mzazi alikuwa na kuku wa kienyeji ambaye alikuwa ameanza kulala kwenye kiota na kuvimbisha manyoya. Nikamwomba aniazime. Akasema, "Mwalimu, mchukue. Huyu hata mkipiga ngoma hanyanyuki." Tulimwekea boksi kona ya nyuma ya darasa, kanga ikiwa imetundikwa kama pazia mbele yake, nyasi kavu ndani na majivu chini kwa ajili ya utitiri. Watoto walimwita Bi Subira. Tulimwekea mayai 11 kwa mpigo jioni ya Jumatano, kila yai lina alama ya penseli. Siku ya kuanza si ya kubahatisha: yai la kuku huchukua siku 21, yaani wiki tatu kamili, hivyo siku ya wiki unayoweka mayai ndiyo siku utakayotarajia vifaranga. Ukiweka Jumamosi, vitatotolewa shule ikiwa imefungwa.

Sheria ilikuwa moja: hakuna anayemgusa. Wenyeji wawili kwa siku, saa ya ukutani, na daftari. Kazi yao ilikuwa kuandika saa anayoondoka kwenye mayai na saa anayorudi. Darasa lilikuwa na watoto 87 na nilidhani watachoka siku ya tatu. Hawakuchoka. Waligundua wenyewe kwamba Bi Subira hutoka mara moja tu kwa siku, anakula mtama haraka, anakunywa, anatoa kinyesi kikubwa cha ajabu kwa sababu alikuwa amekizuia, anajikung'uta vumbini, anarudi. Dakika 14. Dakika 11. Siku ya mvua, dakika 6. Mtoto mmoja ambaye hakuwa anasoma saa vizuri alijifunza kuisoma kwa ajili ya kuku huyo, nami nilikuwa nimehangaika naye muhula mzima.

Siku ya saba tulikagua mayai kwa mwanga, jioni, tetea akiwa nje. Waliingia wanne wanne chini ya mablanketi mawili, mimi nimeshika yai juu ya tochi ya simu. Ukiweka yai hivyo unaona mishipa myekundu imesambaa kama mizizi, na katikati kidoa cheusi. Kidoa kikatikisika. Sijui niielezeje ile pumzi waliyovuta watoto wanne kwa pamoja. Mayai mawili yalionekana meupe tu, yamepitwa na mwanga bila mshipa wowote. Neno "yai viza" wote walikuwa wanalijua kama tusi. Siku ile walijua maana yake.

Jumanne ya wiki ya tatu, wenyeji walisikia sauti ndani ya mayai. Kifaranga huanza kulia kabla hajatoka. Jumatano hatukufundisha Hisabati, nakiri, na mwalimu mkuu aliyekuja kuuliza sababu ya ukimya ule aliishia kukaa chini na watoto. Walitoka 8. Wa tisa alitoboa ganda akafia humo humo, na hilo nalo tulilizungumza bila kulificha. Watoto walitaka kuwapa vifaranga chakula saa ile ile; niliwaeleza kwamba kifaranga hutoka akiwa bado na akiba ya kiini tumboni, inaweza kumtosha siku mbili, na ndiyo maana wanaouza vifaranga huweza kuwasafirisha kwenye maboksi kwa basi.

Kisha likaja swali ambalo sikulipanga. Tunasema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Mtoto akauliza: ni kweli, au anamwiga mama yake? Ilitokea kwamba kifaranga mmoja alikuwa dhaifu, tukamtenga kwenye boksi lake na taa ya chemli jirani kwa joto, asimwone mama. Siku ya tatu, juu ya karatasi tupu isiyo na punje wala udongo, akapiga hatua nyuma, akachakura kwa mguu wa kulia, akachungulia chini. Darasa lote lilipiga kelele. Wazee walisema kweli, na sasa walikuwa na ushahidi wao wenyewe. Bwana mifugo alikuja baadaye akawaonyesha chanjo ya kideri, tone moja jichoni, kisha Bi Subira na watoto wake wakarudi kwa mwenyewe.

Afya nisiipite. Kuku, vifaranga na hata kobe hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuonekana wagonjwa. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kasa na kobe wadogo mwaka 1975 kwa sababu watoto walikuwa wakiugua kwa kuwashika na kuwatia mdomoni. Weka kibuyu chirizi na sabuni mlangoni kabla mnyama hajafika, na asiwepo mtu anayekula chakula chumba kile. Waulize wazazi mapema kuhusu pumu. Nilikuwa na mtoto mmoja mwenye pumu. Yeye alikaa dirishani kwa nje akawa mwandishi mkuu wa daftari, na hakupungukiwa kitu.

Kuhusu mbwa. Hukumuulizia, lakini naona ndiye mnyama ambaye somo lake ni la lazima kuliko wote. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na takriban watu wanne kati ya kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto chini ya miaka 15. Watoto wetu wanawajua mbwa kwa mawe: wanamrushia, wanakimbia, mbwa anafukuza. Kwetu wazazi wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo niliwaeleza wazazi kabla na nikaahidi hakuna mtoto atakayemkaribia. Mlinzi wa shule alikuja na mbwa wake aliyechanjwa, akasimama naye chini ya mwembe, sisi tuko hatua ishirini. Tuliangalia masikio, mkia, manyoya ya mgongoni. Tukafanya zoezi la kusimama kama mti: mikono imebanwa, macho chini, usikimbie, usipige kelele. Halafu bombani, zoezi la kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na kwenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni mkwaruzo.

Miezi kadhaa baadaye mtoto wa darasa lile aling'atwa mguuni njiani. Bibi yake alikuwa tayari na mafuta ya taa ya kumpaka. Mtoto alikataa, akakaa bombani akihesabu, ndipo akasema, "Bibi, sasa twende hospitali." Alimaliza sindano zote. Leo yuko sekondari.

Wanyama wa porini wasikae darasani. Watoto waliwahi kuniletea kinyonga juu ya kijiti, wakitetemeka kwa kuamini ana sumu. Hana. Tulimtazama nusu saa, kila jicho likigeukia upande wake, kisha tukamrudisha kwenye kichaka kile kile alichotolewa. Kumfuga kinyonga au kobe kunakukutanisha na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na hata bila sheria, hatujui kuwalisha.

Basi sungura wako wawili: kama hujapata mtu wa Jumapili na chumba chenye kivuli na hewa, waache. Ukipata, anza na mmoja dume au wawili jike, maana dume na jike watakupa vitoto kwa mwezi mmoja tu. Paka usimlete kabisa. Ana nyumba yake, atatafuta njia ya kurudi na atamparura mtu kwa hofu. Wape watoto kazi ya nyumbani: waangalie mboni ya jicho la paka saa sita mchana juani, kisha waiangalie tena magharibi taa ikiwa haijawashwa, wachore zote mbili. Na ukipata mzazi mwenye tetea anayeatamia, niandikie hapa siku utakayoweka mayai, tuhesabu pamoja.