Bosi kabandika "Desemba hakuna likizo". Krismasi ya Rombo ndiyo basi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni keshia wa supamaketi hapa Dar es Salaam, niliajiriwa Julai 1, 2022. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 390,000. Tangu nirudi likizo ya Mei 2024 sijapumzika tena, na wiki hii meneja kabandika tangazo kwamba Desemba hii ya 2025 hakuna likizo kwa mtu yeyote. Kwetu ni Tarakea, Rombo. Huu utakuwa mwaka wa tatu mama anakula Krismasi bila mimi, na wenzangu niliosoma nao shule ya msingi wana ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) tarehe 27. Mwaka jana nilishinda kaunta tarehe 25 na 26, mshahara ukaja uleule. Je, bosi ana haki hiyo? Na nikifanya kazi sikukuu nalipwaje? (Keshia, Mbezi)

JIBU: Pole, mdogo wangu. Nianze na lisilopendeza: kalenda ya likizo ni ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa yeye kupanga lini uende, na supamaketi inavuna Desemba. Tangazo kama hilo nimeliandika kwa mkono wangu nikiwa ofisi ya utumishi, na halikuwa kosa. Ila mamlaka hayo yana ukomo, na wewe kwa tarehe ulizonipa umesimama palepale kwenye ukomo.

Hesabu hivi. Mwaka wa likizo hauanzi Januari, unaanza siku uliyoajiriwa. Wako basi ni Julai hadi Juni. Likizo ya Mei 2024 ilikuwa ya mzunguko ulioisha Juni 2024. Mzunguko uliofuata, ulioisha Juni 30, 2025, bado unaudai siku 28. Mwajiri anatakiwa awe amekupa likizo hiyo ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kwisha, yaani Desemba hii hii. Anaweza kuisogeza hadi miezi 12, ifike Juni 2026, lakini kwa masharti mawili: mahitaji ya kazi yawe kweli yanalazimisha, na wewe uwe umekubali.

Hilo neno "umekubali" ndilo mtaji wako. Tangazo la ukutani haliwezi kukubali kwa niaba yako.

Sasa usiende kwa meneja kudai siku zote 28 mwezi wa mavuno. Atakuona umekuja kumfungia duka, na hata ukishinda utarudi kwenye kaunta ya kununiwa. Mpe anachokihitaji, naye akupe unachokihitaji. Andika barua fupi, mistari miwili inatosha: "Naomba siku 10 za likizo kuanzia Desemba 24, 2025 hadi Januari 2, 2026. Siku 18 zinazobaki za mzunguko ulioisha Juni 2025 nakubali zisogezwe hadi Machi 2026 kutokana na mahitaji ya kazi." Weka tarehe na sahihi, toa nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa. Ipeleke wiki hii. Ombi la Desemba linaloletwa Desemba nimelikataa mara nyingi bila hata kulisoma hadi mwisho, nakiri.

Angalia pia hizo siku 10 zilivyo. Likizo yetu huhesabiwa mfululizo, Jumapili ndani, sikukuu ndani. Kwa hiyo tarehe 25, 26 na Januari 1 zinakatwa humo humo, hurudishiwi. Ungechukua 28 zote kuanzia Desemba 16, zingeishia Januari 12, nazo zingemeza sikukuu nne, Mapinduzi ikiwemo. Jirani zenu wa Loitokitok, hapo ng'ambo ya mpaka, wanahesabiwa siku 21 za kazi kwa sheria ya Kenya. Mkikutana sokoni msilinganishe namba tupu. Na kama kuna siku uliziomba katikati ya mzunguko ukapewa kwa malipo, za harusi labda, mwajiri anaruhusiwa kuzitoa kwenye zile 28.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakiombi: malipo ya kipindi cha likizo hutakiwa kutolewa kabla hujaondoka. Kumbushia, maana nauli ya Desemba unaijua.

Tuje kwenye pesa ya sikukuu. Kifungu cha 25 cha sheria yetu ile ya 2004 hakikatazi mtu kufanya kazi Krismasi. Kinasema kila saa uliyofanya ilipwe mara mbili ya mshahara wa msingi. Saa yako moja ni kiasi gani? Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa wiki 4.333, kisha kwa saa za wiki. Kwa saa 45 za wiki, kigawanyo ni kama 195. Laki tatu na tisini gawa kwa 195, unapata 2,000. Mara mbili ni 4,000. Ukisimama kaunta saa 8 ni 32,000, na kwa tarehe 25 na 26 ni 64,000. Hapa mhasibu atakuambia nusu ya hiyo imo tayari ndani ya mshahara wa mwezi, kwa hiyo ataongeza 32,000 tu kwa siku zote mbili. Mvutano huo ni wa kila mwaka. Soma mkataba wako kwanza, na kama kuna chama cha wafanyakazi soma na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Lakini mshahara "kuja uleule" hauna utetezi wa upande wowote. Salary slip lazima ionyeshe mstari wa sikukuu: saa ngapi, kiwango gani, jumla ngapi. Na kama mnafunga saa 4 usiku, saa zinazoanzia saa 2 usiku zina nyongeza yake ya angalau asilimia 5.

Ya mwaka jana ni ngumu kidogo. Madai ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na zimepita. Ungelazimika kuomba kwanza usamehewe ucheleweshaji, kwa sababu nzito. Ningekuwa wewe ningeanza kwa kuiandikia ofisi. Wapo waajiri wanaolipa wakishaona hesabu imeandikwa vizuri.

Usijaribu njia ya ED (cheti cha daktari cha kupumzika kazi) ya kutafuta. Na msiba wa uongo ndiyo kabisa: tulikuwa na mhudumu aliyemzika bibi yuleyule Desemba mbili mfululizo, faili lake lilimwumbua. Siku zisizopungua 4 za kufiwa zipo kisheria, waachie wafiwa. Ukikosa kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa, kanuni za 2007 zinalihesabu kosa zito la kuweza kukuachisha kazi.

Barua ikikataliwa, kuna njia ya zamani ambayo mimi naipenda kuliko zote. Tafuta mwenzako Mwislamu akushikie zamu za tarehe 25 hadi 27, nawe umshikie Idd el-Fitr, Machi 2026. Anayesimama kaunta ndiye anayelipwa mara mbili, hakuna anayedhulumiwa. Ila iandikwe. Mmoja wetu aliwahi kubadilishana zamu kwa mdomo, mwenzake akaugua asubuhi ya Krismasi, na aliyeandikwa mtoro ni yule aliyekuwa kijijini anakula kisusio. Jaza fomu, msaini wote wawili, msimamizi aweke sahihi yake.

(Haya ni ya Tanzania Bara, Zanzibar ina sheria yake ya ajira. Na wale wanaosimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu hawamo kwenye hesabu hizi za saa.)

Kuhusu ndafu: waulize wenzako kama anaweza kusogea. Januari 12, 2026 ni Jumatatu, kwa hiyo Mapinduzi yanaleta siku tatu mfululizo, Jumamosi hadi Jumatatu. Wakati huo mabasi ya kupanda Rombo yana viti, watu ndio wanashuka Dar. Wasichange kwanza hadi upate jibu la barua.