Je, kuimba pamoja kunawapunguzia wauguzi uchovu?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni muuguzi kiongozi katika hospitali ya wilaya mkoani Mwanza. Wauguzi wangu wamechoka, wengine hata salamu hawapeani. Nataka tuimbe kidogo kila asubuhi kabla ya ripoti, lakini mganga mfawidhi anauliza kama kuna ushahidi wa kitaalamu au ni burudani tu. Baadhi ya wenzetu Waislamu nao wana wasiwasi kwamba kwaya ni mambo ya kanisani.

Jibu: Dada, pole na majukumu. Ushahidi upo, ila ni vizuri kujua unathibitisha nini hasa.

Mtu akiimba mstari mrefu huvuta pumzi kwa haraka na kuitoa taratibu, na mapigo ya moyo hupungua kasi wakati wa kutoa pumzi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walionyesha kuwa watu wanaoimba sauti moja hupumua kwa pamoja, na mapigo ya mioyo yao hupanda na kushuka kwa mpangilio mmoja. Kwa hiyo kufungulia redio wodini si sawa na kuimba wenyewe.

Jambo la pili ndilo litakalokufaa zaidi. Mwaka 2015 watafiti Pearce, Launay na Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya kufuatilia madarasa ya watu wazima Uingereza kwa miezi 7. Wengine walijifunza kuimba, wengine kazi za mikono, wengine uandishi. Mwishoni wote walikuwa wamezoeana sawasawa, lakini waimbaji walikaribiana mapema zaidi. Basi mwambie mganga mfawidhi kwamba wimbo huharakisha mazoea. Utumieni hasa wanapokuja waajiriwa wapya, au wodi mbili zinapounganishwa.

Huko London, wafanyakazi wa hospitali za Lewisham na Greenwich walitoa wimbo uliokuwa namba 1 Uingereza Krismasi ya 2015. Nawapongeza kwa dhati, lakini ninyi msianzie huko. Mkishaingiza sare na mashindano, wenye sauti mbaya watajitoa, nao wanahitaji kuimba kuliko wote.

Kuhusu dini, msiite kwaya. Mko Usukumani, ambako watu wamelima mashamba kwa nyimbo tangu enzi za mababu, na ngoma ya bugobogobo bado huchezwa jembe likiwa mkononi. Chukueni mtindo huohuo: mmoja anatoa mstari, wengine wanaitikia. Hauhitaji mazoezi wala kitabu. Maneno yawe ya salamu na kazi. Mapambio na kaswida zibaki mahali pake. Anayeanzisha awe wa zamu, na siku nyingine awe mhudumu wa usafi huku daktari akiitikia. Aliyeitikiwa asubuhi na wakubwa wake hatasita mchana kusema kisanduku cha sindano zilizotumika kimejaa.

Imbeni nje, chini ya mti, mbali na wodi. Hili nalisisitiza kwa sababu kuimba hurusha matone ya mate hewani. Machi 2020, katika jimbo la Washington, Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya ndani ya ukumbi, na zaidi ya 50 wakaugua UVIKO-19. Kwa hospitali inayopokea wagonjwa wa kifua kikuu, hilo si la kupuuza. Mwenye kikohozi apumzike siku hiyo.

Dakika 10 zinatosha, na ziwe ndani ya saa za kazi. Aliyekesha zamu ya usiku msimzuie kwenda kulala, na asiyetaka kuimba asiulizwe kwa nini.

Nikueleze wazi pia kwamba kama muuguzi mmoja anabeba wodi nzima usiku, au posho za zamu hazijalipwa kwa miezi, wimbo hautaponya uchovu huo. Watu wataona mnawaimbisha ili wanyamaze, na watakuwa na haki. Barua ya kuomba watumishi na posho itangulie, kisha wimbo.

Kabla ya kuanza, waulize wote bila majina: je, kazini una mtu unayeweza kumwomba msaada ukizidiwa? Unalala vizuri? Unatamani kuhama? Baada ya miezi 3 uliza tena yaleyale, umpelekee mganga mfawidhi majibu ya mara zote mbili pamoja na hesabu ya siku za ruhusa za ugonjwa.