Shangazi, nikikata kifurushi cha tivii mama mkwe atanielewa?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Busia upande wa Uganda. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, kazi imesimama tangu mwezi wa pili. Dikoda inakula elfu arobaini kila mwezi, na mtoto wangu wa pili amerudishwa nyumbani kwa ada. Nataka tuache kulipia, tutazame chaneli za bure. Mume hataki. Anasema mama yake, tunayekaa naye, atabaki bila tamthilia zake za Kiswahili, naye mwenyewe atakosa mpira. Kuna fundi anasema nikimpa laki moja na nusu atanifungulia chaneli zote, nisilipe tena maisha. Nishauri. Mama Watatu.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mtoto kukaa nyumbani wenzake wakiwa darasani.

Huyo fundi mwambie hapana, leo hii. Anachokuuzia ni wizi, tena wizi usiodumu. Kampuni ikibadilisha mitambo yake picha inakatika, na simu ya fundi haipokelewi. Laki na nusu yako ni karibu malipo ya miezi minne.

Chaneli za bure zipo, na ni halali. Uganda ilianza kuzima mitambo ya zamani ya analojia mwaka 2015, na UBC, NTV, NBS na Bukedde zinapatikana kwa antena bila malipo ya mwezi. Kabla ya kununua chochote, geuza tivii yako usome kibandiko cha nyuma, au tafuta kile kitabu iliyokuja nacho. Ukiona DVB-T2, yaani inapokea mawimbi ya dijitali ya antena, huhitaji dikoda: chomeka antena, ingia kwenye menyu, iamuru itafute chaneli. Usipoiona, nunua dikoda ya chaneli za bure yenye maandishi hayohayo kwenye boksi. Soma hiyo 2 kwa macho yako. DVB-T tupu ni ya zamani, haitakamata kitu, na DVB-S2 ni ya dishi. Mwenye duka aiwashe mbele yako.

Kwenye antena ndipo watu wengi hukata tamaa. Mimi niliuziwa ile ndogo ya kuweka juu ya kabati, nikaambiwa inatosha. Nyumba yangu ni ya mabati. Wiki nzima picha ilikuwa inaganda, uso wa msomaji wa habari umekatika vipande, sauti inaruka. Enzi za analojia mawimbi yakiwa hafifu uliona chenga lakini ulifuatilia; siku hizi picha inakuja safi au haiji kabisa. Nilipopandisha antena ya nje juu ya bomba, ikapita paa, mjukuu wangu akaigeuza kidogo kidogo nami niko ndani nasoma asilimia za mawimbi na kupiga kelele "hapo hapo!", tukazipata chaneli. Mvua ya radi ikianza chomoa waya wa antena na wa umeme. Huko kwenu karibu na ziwa radi si mchezo.

Sasa, mwanangu, wewe una bahati ambayo mtu wa Mbarara, kule magharibi, hana. Mji wenu umekatwa na mpaka, na mawimbi hayaonyeshi pasipoti. Kenya nayo inatumia DVB-T2, kwa hiyo dikoda ileile inaweza kupokea Citizen na KBC, zenye habari za Kiswahili saa moja jioni, na Citizen ina tamthilia za Kiswahili pia. Tembea mtaani uone antena za majirani zimeelekea wapi, gonga mlango, omba uonyeshwe wanachopata. Si tamthilia zilezile za mama, lakini atasikia lugha yake sebuleni.

Usitegemee kumwekea YouTube kwenye simu. Tangu Julai 2021 bando zinatozwa kodi ya asilimia 12, na saa mbili za tamthilia kila usiku zitakula hela ileile unayoikimbia.

Kinachonikaa moyoni zaidi ni nani atamwambia mama. Asiwe wewe. Ukilitamka wewe, utakuwa mke aliyemnyima mama raha yake ya uzeeni. Amwambie mwanawe, ameketi karibu naye, amtajie na ada ya mjukuu. Na amwambie kabla, asije bibi wa watu akabonyeza rimoti jioni akakuta kioo cheusi. Nyanya wengi wakijua ni shule ya mtoto, hao ndio wa kwanza kusema zima.

Kuhusu mpira, nisikudanganye: mechi nyingi za ligi ya Uingereza ni za kulipia. Aende kwenye kibanda cha video kwa mechi kubwa, mkubaliane ngapi kwa mwezi. Kaa macho na mikeka ya kubeti inayojazwa hukohuko, maana mtu aliyekosa kazi hunaswa upesi.

Dikoda ya zamani usiiuze. Malipo yake ni ya mwezi kwa mwezi, hayana mkataba. Ifute vumbi, ifunge kwenye mfuko pamoja na rimoti yake. Kazi ya baba ikirudi, mlipieni mama mwezi mmoja, na mwezi huo auchague mwenyewe.