Ovahoo ya injini ya Land Rover 109 nyumbani: pima kwanza, spea baadaye

Mkuu, pole kwa kuondokewa na mzee, na nimefurahi kusikia kwamba gari lake hutaliuza. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, je, injini ya petroli ya 109 Series III inayotoa moshi na kukosa nguvu inaweza kufanyiwa ovahoo nyumbani na mtu asiyesomea ufundi? Pili, je, si afadhali uitoe uweke ya Toyota, kama wengi waliotangulia kukujibu wanavyoshauri? Mimi nina 109 ya aina hiyo hiyo. Injini yake niliishusha nikaijenga upya kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na tangu hapo nimesaidiana na majirani kwenye magari yao. Ovahoo ya nyumbani inawezekana kabisa, na kuhusu Toyota, usiamue lolote kabla hujaipima injini uliyo nayo.

Kupima ndiko watu wanakokuruka. Gari likianza kutoa moshi wanakimbilia dukani kununua pistoni, ringi, metali (vipande vya beringi ambamo krenki inazunguka) na gasketi, ndipo wanaifungua injini na kukuta walichonunua hakilingani na kilichomo. Hizi injini zina miaka mingi, na nyingi zimeshapita mikononi mwa mafundi kadhaa. Silinda zinaweza kuwa zilishatanuliwa mara moja au mbili, na krenki shafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikawa imeshasagwa. Huwezi kulijua hilo kwa kutazama kadi ya gari.

Injini yenyewe ni rahisi kuelewa, na ndiyo maana nakutia moyo. Ni ya silinda nne, sentimita za ujazo 2286, bloku na hedi zote za chuma cha kumimina, valvu zinasukumwa kwa pushi rodi. Iliingia kwenye Land Rover mwaka 1958 na ikaendelea mpaka Series III ilipokoma mwaka 1985, kwa hiyo spea zake bado zinatengenezwa. Ila kuna jambo moja la kulijua kabla ya kutoa hata senti: za zamani zina beringi kuu tatu za krenki, na kuanzia 1980 zina tano. Krenki na metali za injini hizo mbili haziingiliani. Muulize muuza spea swali hilo, na asipojua maana yake, nenda duka jingine.

Sasa huo moshi. Usishushe injini kwa sababu ya moshi peke yake. Angalia unatoka lini. Kama unatoka wingu la bluu pale unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima au kusimama muda mrefu, kisha unakata, mara nyingi ni gaidi za valvu (mirija ambamo shina la valvu linateleza) zimelika, na hiyo ni kazi ya hedi tu; hedi inatoka injini ikiwa bado ndani ya gari. Kama ni wa bluu muda wote unapovuta mzigo, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili unakuta kunapuliza, basi ringi na silinda zimelika. Thibitisha kwa geji ya kompresheni. Pasha injini moto, toa plagi zote nne, zuia coil isirushe cheche, mtu akanyage mafuta mpaka chini huku akipiga stata. Andika namba ya kila silinda. Halafu mimina kijiko cha oili kwenye silinda iliyo chini kuliko nyingine, upime tena. Namba ikipanda sana, ni ringi. Isipopanda, presha inapotea kwenye valvu au gasketi ya hedi. Kinachonihangaisha zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe. Ikizidi kama asilimia 10 kuna jambo la kutafuta.

Pima na presha ya oili. Series III nyingi zina taa tu, hazina geji, kwa hiyo funga geji ya muda mahali pa swichi ya taa. Kitabu cha ufundi cha gari hili kinataka psi 35 hadi 65 injini ikiwa ya moto, gari likiwa kwenye maili 30 kwa saa. Kama kompresheni ni mbaya lakini presha ya oili ni nzuri, huenda krenki yako ni nzima, na hapo umeokoa fedha nyingi.

Tuseme vipimo vimesema lazima ishuke. Kushusha ni rahisi kuliko gari lolote la leo: boneti inatoka, halafu paneli yote ya mbele pamoja na rejeta inafunguliwa kwa bolti na kuondoka nzima, unabaki na injini wazi mbele yako. Kadiria uzito wa karibu kilo 200. Tumia cheni bloku na nguzo tatu za chuma, na egemeza giaboksi kwa jeki kabla ya kuzitenganisha. Tawi la mwembe halifai kwa kazi hii hata kama jirani amewahi kulitumia.

Unapofungua, kila kitu kirudi kilikotoka. Kofia za beringi kuu na za konrodi zilichongwa zikiwa zimefungwa na mwenzake, hazibadilishani nafasi, kwa hiyo hakikisha zina namba, na kama hazina ziwekee. Toboa boksi la karatasi matundu manane, chomeka pushi rodi kwa mpangilio wake. Injini hii ina tapeti za rola, na vipande vinavyoteleza vya tapeti vimeandikwa FRONT. Maandishi hayo yatazame mbele utakaporudishia. Bolti zinazoshika gaidi za tapeti zimefungwa kwa waya. Waya huo urudi, mpya.

Halafu fanya kazi ambayo gereji nyingi haziifanyi kwa sababu ya haraka, na wewe wa nyumbani unao muda nayo. Ng'oa vifuniko vya bati vilivyo ubavuni mwa bloku, vile mafundi wanavyoviita welchi plagi, uchokonoe njia za maji. Magari haya yamejazwa maji ya mito na visima kwa miaka, bila kulanti ya kuzuia kutu, na nyuma kwenye silinda ya nne utakuta tope gumu la kutu limejaa. Watu wanabadilisha rejeta na pampu ya maji mara mbili mbili, injini bado inachemka, kumbe maji hayapiti huko nyuma. Toa na plagi za njia za oili, pitisha brashi ndefu na mafuta ya taa, mpaka kinachotoka ni kisafi. Bloku isiyosafishwa hivi itaua metali mpya ndani ya muda mfupi, na lawama atatwishwa muuza spea.

Bloku ikishakauka, pima silinda. Saizi ya kiwandani ni milimita 90.47. Silinda hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na ukipitisha ukucha utahisi ukingo. Mwenye geji ya silinda na maikromita apime juu, katikati na chini, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Usiye nazo, kuna njia ninayoiamini na inahitaji ringi na fila geji tu. Ingiza ringi moja kwenye silinda, isukume kwa pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawasawa, kidogo chini ya ule ukingo, upime pengo la ncha zake. Isukume mpaka chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki, upime tena. Toa pengo la chini kwenye pengo la juu, gawanya kwa 3.14. Jibu ndilo silinda ilivyotanuka juu kuliko chini. Mfano: juu milimita 0.90, chini 0.40, tofauti 0.50; gawanya, unapata kama 0.16. Mimi nikikuta inakaribia robo milimita sihangaiki tena na ringi mpya peke yake. Bloku inakwenda kutanuliwa. Ikiwa ndogo sana na silinda haina mikwaruzo, piga hona (kuukwangua kidogo ukuta wa silinda kwa mawe ya kunolea), weka ringi mpya, uendelee na maisha.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Bloku ikibidi kutanuliwa, pistoni zipatikane kwanza, uzishike mkononi, uende nazo kwa mchongaji. Apime pistoni zenyewe, atanue kila silinda kulingana na pistoni yake. Karakana moja ilitanua bloku ya jirani yangu kwenda 020 (yaani inchi 0.020 zaidi ya saizi ya kiwandani) kabla hajapata pistoni. Za 020 zikakosekana mjini, akasubiri, mwisho akalazimika kwenda 040. Chuma ambacho kingeifaa ovahoo nyingine miaka ijayo kiligeuka vumbi sakafuni, na alilipa mara mbili.

Krenki ni hivyo hivyo: ipime kwa maikromita shingo zote (sehemu zinazozunguka ndani ya metali), mara mbili kila shingo, kujua kama zimekuwa za yai. Ikisagwa, metali zinunuliwe kwa saizi iliyosagwa. Wakati wa kufunga, hakikisha nafasi kwa Plastigage, ule uzi laini wa plastiki unaoubana kati ya metali na shingo kisha unasoma upana wake. Ni kitu cha bei ndogo na kinakupa uhakika ambao mkono hauwezi kukupa.

Kuhusu hedi nitakuwa mfupi. Ipeleke ikaangaliwe unyoofu na gaidi, valvu usage mwenyewe mpaka upate mstari wa kijivu usiokatika. Ila kumbuka injini hizi zilibuniwa zama za petroli yenye risasi, na Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu za ekzosi. Bila hiyo, kiti kinaweza kuzama taratibu, nafasi ya valvu inazidi kubana, mwisho valvu inaungua. Kama hedi iko kwa mchongaji, muulize kuhusu kuweka viti vigumu vya ekzosi. Kama hutaki gharama hiyo, kagua nafasi za valvu mara kwa mara. Zote nane ni milimita 0.25. Kanuni ni jumla ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa rekebisha ya 1, ya 6 ikifunguka rekebisha ya 3, na kadhalika.

Kabla ya kufunga chochote, osha silinda kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, kwa brashi. Petroli haiondoi unga wa hona, inausambaza tu. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke cheupe, na usiache bloku kavu hata kidogo, kutu inaanza papo hapo. Pengo la ringi mpya liwe milimita 0.38 hadi 0.50, pima kila moja kwenye silinda yake. Tumia toki renchi: kofia za beringi kuu futi-pauni 85, bolti za hedi 65, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni. Sili ya nyuma ya krenki na zile mbili za umbo la T kwenye kofia ya nyuma zifunge kwa subira, maana zikivuja oili inaingia kwenye klachi na kuzifikia tena ni kutenganisha injini na giaboksi.

Taimingi huwasumbua wengi bila sababu. Kwenye flaiwili kuna alama EP, inaonekana kupitia kidirisha cha nyumba ya flaiwili. Igeuze EP ilingane na kielekezi, kisha geuza kemu shafti mpaka valvu ya ekzosi ya silinda ya kwanza iwe imefunguka mwisho kabisa, ndipo uvishe mnyororo. Gia ya kemu ina njia zaidi ya moja za ufunguo. Mnyororo ukikataa kukaa, hamisha gia kwenye njia nyingine badala ya kusogeza kemu. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2.

Turudi kwa Toyota. Ni injini nzuri. Lakini utakata mikono ya injini, utatafuta bamba la kuunganisha na giaboksi ambayo gia zake zilipangwa kwa injini ya mizunguko ya chini, na namba ya injini haitalingana tena na kadi. Nimeona mengi yaliyobadilishwa hivyo yakisimama uani kwa sababu kazi ilifika nusu na fundi akahama. Injini ya mzee wako iliyopimwa na kujengwa vizuri inabeba mzigo ule ule iliotengenezewa.

Kuwasha mara ya kwanza: jaza pampu ya oili vaselini ili ivute haraka, weka oili ya madini 20W-50, piga stata bila plagi mpaka presha ionekane kwenye geji, ndipo urudishe plagi na kuwasha. Isikae sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, muda mrefu. Ipandishe mizunguko kama 1500, angalia uvujaji, kisha litoke barabarani. Ringi zinakaa kwa mzigo, kwa hiyo tafuta mlima wa wastani, panda, achia, panda tena. Injini ikishapoa kaza hedi upya na kagua valvu. Baada ya kilomita 800 hivi mwaga oili, fungua bakuli la filta na uchunguze kilichomo. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa vya rangi ya fedha au shaba, usiendeshe zaidi: shusha sampu, injini ikiwa hapo hapo kwenye gari, fungua kofia za konrodi moja moja na uangalie metali.