Saa ya redio na jua: ukiivaa Afrika Mashariki

Casio yenye maandishi "Multi Band 6" hujirekebisha usiku kwa kunasa mawimbi ya redio yenye saa sahihi kutoka minara sita: Mainflingen, Ujerumani (kilohezi 77.5), Anthorn, Uingereza na Fort Collins, Marekani (60), miwili ya Japani (40 na 60) na mmoja wa China (68.5). Afrika hakuna mnara hata mmoja. Mawimbi ya Mainflingen hufika kama kilomita 2,000, na Nairobi iko mbali zaidi ya 6,000.

Kwa hiyo ukinunua ya mtumba, kwanza badilisha mji wa nyumbani. Weka JED, yaani Jeddah, ambako majira ni sawa na yetu, na DST (saa za majira ya joto) iwe OFF. Ukiiacha London itahangaika kutafuta mawimbi kila usiku, kuanzia saa sita, na kula chaji bure.

Bila mnara, saa nyingi za aina hii hukosea hadi sekunde 15 kwa mwezi. Simu inaweza kuziba pengo hilo. Zipo programu zinazoiga mnara: simu hutoa mlio wa kilohezi 20, na waya wa spika hutoa pia wimbi la mara tatu yake, yaani 60. Weka saa kwenye mji wa Tokyo, chagua JJY 60 (ule mnara wa Japani wa kilohezi 60) katika programu, ongeza sauti hadi mwisho, kisha uilaze saa juu ya spika au uizungushie waya wa earphone mara kadhaa. Za Bluetooth hazifai, maana kinachohitajika ni sumaku ya waya wenyewe. Anzisha upokeaji kwa mkono, usiiguse kwa dakika kama kumi, halafu rudi JED.

Kuhusu jua, dakika chache za jua kali hutosha siku nzima. Chini ya taa ya ofisini ni takriban saa nane. Shati la mikono mirefu ndilo adui. Mshale wa sekunde wa Citizen au Seiko ukiruka mbili mbili, chaji imepungua: ianike dirishani, lakini si kwenye dashibodi ya gari, joto litaua betri.

Betri ikichoka kabisa, fundi aweke ya kuchajiwa ya namba ileile, mfano CTL1616. CR1616 inaingia vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari: haikuundwa kuchajiwa, hivyo huvimba au kuvuja ndani ya saa.